Maswali 16 ya kumuuliza mzee: tathmini ya hojaji ya mapendeleo katika nyumba ya wazee Lubumbashi

Hojaji ninayoitathmini hapa ilitungwa Marekani kwa ajili ya nyumba za wazee za huko, na sisi tunaohudumia wazee Lubumbashi, Kongo, tumeitumia kwa muda wa kutosha kusema inafaa wapi na inakwama wapi. Ni sehemu ndogo ya fomu kubwa iitwayo MDS, ambayo kila nyumba ya wazee inayolipwa na bima za serikali ya Marekani, Medicare na Medicaid, inalazimika kumjazia kila mkaaji wake. Toleo la 3.0 la fomu hiyo lilianza kutumika Oktoba 2010, na sehemu yake ya F ndiyo inayohusu mambo anayoyapenda mtu: maswali 16, manane juu ya mazoea ya kila siku na manane juu ya shughuli. Maoni yangu, niyaseme mapema, ni kwamba sijaona karatasi nyingine fupi kama hii inayomrudishia mzee kauli juu ya siku yake mwenyewe; lakini faida yake yote inategemea nani anauliza, nani anajibu, na jambo gani linafuata baada ya jibu.

Chimbuko lake ni sheria ya Marekani ya mwaka 1987 iliyozitaka nyumba za wazee kumtazama mkaaji kama mtu mwenye haki zake, si kama mwili wa kulishwa na kulazwa tu. Katika toleo lililotangulia, wafanyakazi ndio waliojaza mazoea ya mzee kwa kutazama na kuulizia huku na huku. Toleo la 3.0 limegeuza utaratibu: kwanza aulizwe mzee mwenyewe, akishindwa aulizwe ndugu au rafiki wa karibu, na hao wakikosekana ndipo wafanyakazi waweke alama kwenye orodha nyingine ya mambo 20 kulingana na walivyomwona. Mpangilio huo pekee ungetosha kunifanya niisifu hojaji hii, kwa sababu kwetu mambo huenda kinyume. Mzee anapoletwa, kijana wake ndiye anayeketi mbele ya meza ya msimamizi na kueleza kwamba baba hapendi kelele, baba anakula kidogo, baba halali mchana; naye baba yuko pembeni, fimbo katikati ya magoti, anaitikia kwa kichwa kwa kuwa si adabu kumkatiza mtoto mbele ya wageni. Baada ya majuma kadhaa unagundua kwamba baba anapenda sana watu, anakula vizuri akipewa anachokijua, na usingizi wa mchana ndio unaompa nguvu.

Maswali yote huanza kwa namna moja: ukiwa katika nyumba hii, ni muhimu kwako kiasi gani kufanya jambo fulani? Manane ya kwanza yanahusu kuchagua nguo za kuvaa, kutunza vitu vyako mwenyewe, kuchagua namna ya kuoga, kupata kitu cha kutafuna kati ya milo, kuchagua saa ya kulala, kushirikisha ndugu au rafiki katika mazungumzo juu ya matunzo yako, kuzungumza kwa simu bila kusikilizwa, na kuwa na mahali pa kufungia vitu vyako. Manane ya pili yanahusu kusoma, kusikiliza muziki unaoupenda, kuwa karibu na wanyama, kufuatilia habari, kufanya mambo pamoja na wengine, kufanya shughuli unazozipenda zaidi, kutoka nje hali ya hewa inapokuwa nzuri, na kushiriki ibada. Mzee anachagua kati ya muhimu sana, muhimu kiasi, si muhimu sana, na si muhimu kabisa. Kuna pia jibu la tano, ambalo mimi ninalihesabu kuwa moyo wa hojaji yote: ni muhimu kwangu, lakini siwezi kulifanya, au sina nafasi ya kuchagua.

Jibu hilo la tano linastahili maelezo marefu kidogo. Katika nyumba yetu yuko mzee aliyefanya kazi ya zamu kwenye kiwanda cha kuyeyushia shaba, tangu ujana wake hadi Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, ilipoanza kushindwa kulipa mishahara. Nusu ya maisha yake alikuwa macho wakati watu wa kambi ya kampuni wamelala. Taa za vyumba zinazimwa mapema, na kila mhudumu alikuwa ameandika katika daftari la usiku kwamba mzee huyo ana tatizo la usingizi, anatembea ovyo, afikiriwe dawa. Swali la saa ya kulala lilipomfikia, hakusema kwamba ana tatizo lolote. Alisema kulala saa anayoitaka ni muhimu sana, ila humu hakuna mtu anayeulizwa. Kama karatasi ingekuwa na majibu manne tu, angeandikwa muhimu sana na jambo lingeishia hapo. Jibu la tano ndilo lililotufanya tuulize ni kitu gani kinachomzuia. Kinachomzuia kilikuwa kanuni yetu sisi, si afya yake. Sasa anakaa barazani na zamu, yaani mlinzi wa usiku, karibu na mbabula ya makaa, wanazungumza mpaka anapochoka mwenyewe, na muuguzi wa asubuhi anamwacha alale hadi jua liwe juu. Dawa haikuhitajika. Ajabu ni kwamba hata orodha ile ya mambo 20 ya wafanyakazi ina kipengele cha kubaki macho baada ya saa mbili usiku. Waliotunga fomu hii walijua kwamba saa ya kulala ni mojawapo ya mambo ya kwanza ambayo nyumba ya pamoja humnyang'anya mtu.

Swali la mahali pa kufungia vitu nililidharau nilipolisoma mara ya kwanza, kwa kufikiri kwamba mzee asiye na mali hana cha kufungia. Kwa wakaaji wetu, hasa wanawake, ndilo lililopata majibu makali kuliko yote. Mama mmoja ana sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani yake mna kitenge kipya ambacho hakijakatwa, picha za harusi, kadi ya mpiga kura na risiti za kiwanja ambacho familia inakigombania. Kitenge kile amekiweka kwa ajili ya siku atakayozikwa. Kila wahudumu walipofagia, sanduku lilisogezwa, na kila liliposogezwa alikosa raha mpaka jioni. Katika daftari alielezwa kuwa mshuku na mgomvi. Alichohitaji ni kufuli, na ufunguo ukae shingoni mwake badala ya kuning'inia ofisini kwa msimamizi. Seremala wa mtaa wa Katuba ametutengenezea vikasha vya mbao vinavyopigiliwa ukutani kwa wale wasio na sanduku, na sijui fedha nyingine tuliyoitumia mwaka huu iliyoleta utulivu kama hiyo.

Juu ya kuoga, hojaji inaonyesha wazi ilikozaliwa. Inauliza kama mtu anataka kuchagua kati ya beseni kubwa la kuogea, bomba la mvua, kuogeshwa kitandani au kufutwa kwa sponji. Kwetu maji ya REGIDESO, shirika la maji, yana siku zake, na mzee anaogeshwa kwa ndoo na kikombe. Tumelibadilisha swali ili liulize saa, joto la maji na mtu. Lubumbashi iko juu kiasi cha mita 1,200, na asubuhi za Juni na Julai baridi yake inauma. Mzee anayekataa kuoga saa kumi na mbili alfajiri mwezi wa Juni hajawa mchafu wala mkaidi, anataka asubiri jua. Kuhusu mtu wa kuogesha, fomu haina neno hata moja katika maswali yake 16, na hilo naliona pengo kubwa. Kwa mama wa makamo ya kuwa na wakwe, kuvuliwa nguo na kijana wa umri wa mkwe wake ni aibu ambayo hakuna sabuni itakayoiondoa, na wengine wameacha kuoga kwa siku nyingi bila kusema sababu. Yeyote atakayeitumia karatasi hii Katanga, au popote katika nchi yetu, aliongeze swali hilo kabla ya kuanza.

Swali lililonipa kazi zaidi ni lile la kushirikisha ndugu katika mazungumzo ya matunzo. Linachukulia kwamba ndugu wapo na kwamba ukaribu wao ni jambo jema. Baadhi ya wakaaji wetu wamekuja kwa sababu walishutumiwa uchawi nyumbani mwao: mjukuu aliugua, mtu akatoa unabii, na bibi akatolewa nje na mkeka wake. Ukimuuliza mtu wa namna hiyo kwa sauti ya kawaida, mbele ya jirani wa kitanda, kama anapenda familia ishirikishwe, umemfungulia kidonda mbele ya watu. Hata hivyo sikubaliani na wenzangu waliotaka swali liondolewe. Mama mmoja kati ya hao alipoulizwa peke yake chini ya mwembe alijibu kwamba watoto wake hapana, ila kuna mwanamke aliyekuwa naye katika kwaya ya Wametodisti, huyo ndiye angetaka aitwe siku akizidiwa. Karatasi inaruhusu jibu hilo, maana inataja rafiki wa karibu sambamba na ndugu. Sasa jina la mwanakwaya huyo liko katika faili, mahali ambapo zamani tulikuwa tumeandika kuwa mkaaji hana mtu.

Maswali ya shughuli yanakwenda haraka zaidi. Lile la vitabu na magazeti halina maana kwa wengi wasiosoma au ambao macho yamechoka, mpaka uligeuze liwe la kusomewa. Biblia ya maandishi makubwa na msomaji mwenye subira ndivyo vinavyotakiwa. Habari, kwa wanaume wengi, ni matokeo ya timu ya mpira ya Mazembe kwanza na mengine baadaye, na kinachotakiwa ni betri za redio kwa kuwa umeme hauaminiki. Wanyama tulidhani ni jambo la Wazungu na mbwa wao, kumbe mzee wetu mmoja alikuwa mfugaji wa njiwa, na swali hilo ndilo alilolijibu kwa maneno mengi kupita yote. Simu ya faragha inahitaji kiti kimoja mbali na sebule, basi.

Nisimame kidogo kwenye ibada. Nyumba nyingi za wazee kwetu zinaendeshwa na watu wa dini, na ninawaheshimu kwa hilo, kwa sababu wao walikuwapo wakati wengine hawakuwapo. Lakini sala ya asubuhi inahesabiwa kuwa ya wote, na hakuna anayeuliza. Hojaji inauliza, na inakubali jibu la si muhimu kabisa kama inavyokubali jibu la muhimu sana. Kwetu wengi walisema ni muhimu sana, ila wakafafanua: huyu ni Mkatoliki anayetaka komunyo, yule ni wa kanisa la Kiprotestanti la Garenganze na anataka nyimbo zake, mwingine anataka kusali peke yake kitandani bila kusukumwa kwenye kiti cha magurudumu hadi kanisani. Wote hao walikuwa wamekaa mstari mmoja kila asubuhi, na sisi tukifurahi kwamba wanashiriki.

Udhaifu mkubwa wa hojaji uko katika adabu ya wazee wetu. Ukimuuliza nkambo, yaani babu au bibi, wa Lubumbashi kama jambo fulani ni muhimu kwake, jibu la kwanza litakuwa kwamba yote ni mazuri, mwanangu, mnavyoona ninyi. Sehemu ya jibu hilo ni heshima, sehemu ni hofu ya kuonekana mlalamikaji na kurudishwa, na sehemu ni historia. Wanaume waliokulia katika kambi za Union Minière, iliyotaifishwa na kuwa Gécamines baada ya 1966, walipewa nyumba, posho, shule na hospitali na kampuni ileile, na king'ora kiliwaambia saa ya kuamka. Kuulizwa wanapenda nini ni jambo geni kwao. Kwa hiyo kiwango cha hatua nne hakifanyi kazi kikiwekwa peke yake. Kinafanya kazi ukiweka mbele ya mzee mambo mawili ya kweli: uoge sasa au baada ya chai, uvae koti hili au lile, ukae na wenzako au kando ya banda la njiwa. Akishazoea kwamba jibu lake linageuza kitu, ndipo maneno muhimu sana na si muhimu yanapoanza kuwa na uzito. Muulizaji naye asiwe msimamizi mwenye funguo, bali mtu ambaye mzee amemchagua kumzoea.

Watu wenye kusahau wasirukwe. Tafiti zimeonyesha zaidi ya mara moja kwamba mtu ambaye akili yake imepungua kwa kiwango kidogo au cha wastani bado anaweza kusema kwa uthabiti anachopenda, hata kama hajui leo ni siku gani. Ninaweza kushuhudia hilo. Mama asiyelikumbuka jina la binti yake alitujibu bila kusita kwamba hataki kuvalishwa suruali, na kila tulipomuuliza upya jibu lilikuwa lilelile. Wahudumu wengi bado humrukia jamaa mara tu mzee anapopotea katika sentensi moja, na hojaji hii, kwa kumweka mzee wa kwanza katika mstari wa wanaojibu, inawarekebisha.

Anayetaka kwenda mbali zaidi atafute hojaji nyingine iitwayo PELI, iliyotungwa na mtafiti Kimberly Van Haitsma na wenzake. Toleo lake la nyumba za wazee lina maswali 72, nalo huingia ndani zaidi: likishajua kwamba mtu anapenda muziki, linauliza muziki upi. Katherine Abbott wa Chuo Kikuu cha Miami, kilichopo Ohio, ni miongoni mwa walioifanyia kazi sana, na jimbo hilo lilizitaka nyumba zake za wazee kuitumia. Kutoka kwao pia tumechukua desturi ya kadi ndogo inayoandikwa mambo makuu anayoyapenda mkaaji, ili hata mhudumu mpya wa zamu ya Jumapili ajue pa kuanzia. Wao huiweka panapoonekana; sisi tumeiweka upande wa ndani wa mlango wa kabati, kwa sababu wageni husoma kila kilicho ukutani na mambo ya mzee si ya kila mpita njia. PELI ni nzuri kuliko sehemu ya F, lakini ni ndefu, na kwa mzee anayechoka baada ya maswali matano inabidi igawanywe. Kwa nyumba yenye wahudumu wachache ningeshauri kuanza na yale 16.

Yapo mambo ambayo maswali hayo 16 hayayagusi na ambayo kwetu hayawezi kuachwa. Chakula kimetajwa kwa vitafunio tu, kana kwamba bukari (ugali) ya mahindi na ya muhogo ni kitu kimoja kwa mtu aliyekula moja wapo maisha yake yote. Kazi haikutajwa kwa jina lake: mama anayetaka kuchambua maharage jikoni hatafuti burudani, anataka kuwa na sehemu katika nyumba. Mahali pa kuzikwa hapakutajwa, na mzee wa kutoka mbali, Kasai au Malemba-Nkulu, hulifikiria hilo kila siku. Jina analotaka kuitwa nalo liko sehemu ya A ya fomu ileile kubwa, si katika F, kwa hiyo anayechapisha F peke yake atalikosa. Aliongeze, kwa kuwa baba wa mapacha aliyeitwa Shamapasa miaka yote hafurahi kuitwa kwa jina la kitambulisho na kijana asiyemjua.

Kifungu cha 49 cha Katiba yetu ya 2006 kinampa mzee haki ya hatua maalum za ulinzi zinazolingana na mahitaji yake ya mwili, ya akili na ya kimaadili. Sijui njia ya kuyatambua mahitaji hayo bila kumuuliza mwenyewe, na hojaji hii, pamoja na mapengo yake, ndiyo iliyotuwezesha kuuliza kwa mpangilio. Inapatikana bure kwenye intaneti kwa Kiingereza. Yetu imewekwa katika Kiswahili na mwenzetu mmoja, ikapigwa chapa kwenye karatasi mbili. Nyumba itakayoitumia ijiandae kwanza kubadilisha angalau jambo moja kwa kila mkaaji ndani ya juma lilelile, kwa sababu mzee aliyeulizwa na kisha kuachwa kama alivyokuwa hatajibu tena kwa kweli. Sisi tunairudia baridi inapoisha, hasa maswali ya kuoga na ya kutoka nje, kwa kuwa majibu ya Julai hayafanani na yale ya Oktoba, joto linapokuwa kali kabla ya mvua kuanza.